Nta Yenye Masizi

Injini ya silinda nne ikipoteza moja, haizimiki, na huo ndio ubaya wake. Inaendelea kuzunguka na gari linaendelea kwenda, ila linakwenda kama mtu mwenye mwiba mguuni, na aliye ndani anatetemeka mpaka meno. Mafundi wa siku hizi wanasema gari linamisi. Sisi tulisema linakosa. Nimesikiliza injini zinazokosa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mungu amenipa riziki humo, watoto wangu wamesomeshwa humo, hata mabati ya msikiti ninaoswalia mengine yalitoka humo. Namshukuru. Lakini liko kosa moja la injini ambalo nikilikumbuka shukrani inapanda kooni kwa shida, kwa sababu lilimpotezea mjomba wangu kazi na jina lake, na aliyelisababisha ni mimi.

Mjomba alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali pale Singida, wakati wa Mwingereza. Sitaitaja ofisi hiyo wala bwana wake, maana wote waliokuwamo wamekwisha kwenda mbele ya Mwenye kuhukumu kwa haki, na mimi niko njiani. Inatosha kusema kwamba kazi ya bwana huyo ilikuwa kuzunguka nchi kavu akitafuta mahali pa kuchimba mabwawa na visima. Alikuwa na gari moja la porini, refu, lenye viti vya nyuma na nafasi ya mizigo, magurudumu yote manne yakivuta. Lilitufikia likiwa limekwisha choka. Milango ilifungwa kwa kamba, na sakafu ilikuwa na tundu ambalo mjomba alilitumia kutemea mate akiwa safarini.

Mjomba ndiye aliyenileta kwenye kazi. Kwetu Iramba, siku zile, mtoto alihesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu yake kuliko hata baba mzazi. Baba yangu alikuwa mrina asali, mtu mwema, na alinipeleka chuoni nikahitimu Kurani. Mjomba akasema, "Sasa umeshajua kusoma ya Mungu, njoo ujue na ya chuma." Akaniweka kwa fundi mmoja Mhindi pale mjini, nikakaa miaka mitatu nikiosha spana na kutazama. Baadaye, bwana alipotafuta fundi wa gari lake, mjomba akamwambia ninaye. Nikapewa banda la bati kule Utemini, meza moja na sanduku la vifaa. Tangu siku hiyo mjomba hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Fundi, mbele za watu na hata nyumbani, nusu kwa utani na nusu kwa kujivuna.

Masika ya kwanza gari likaanza kukosa. Walikuwa wamevuka maji mengi. Mjomba akaliingiza bandani huku likitetemeka, akashuka na kusema, "Fundi, mkwe wako huyu anaharisha."

Nilifanya nilivyofundishwa. Injini ikiwa inazunguka, nilichovya kitambaa majini na kudondosha tone moja moja juu ya mabomba manne ya moshi, pale yanapotokea kwenye injini. La kwanza likachemka na kutoweka. La pili vivyo hivyo. La tatu likateremka taratibu kama jasho. La nne pia. Kwa hiyo silinda ya tatu na ya nne zilikuwa baridi, hazichomi. Nikabadilisha plagi, haikusaidia. Nikafuata waya za plagi mpaka kwenye distribyuta, chombo kinachogawa umeme kwa zamu, kila plagi na zamu yake. Kina kofia nyeusi ngumu, mfano wa kigae. Nikaifungua, nikaifuta, nikaigeuza juani. Katikati ya mashina ya waya mbili hizo kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yameingia humo, na umeme ukipita pale ulikuwa unapotelea kwenye maji.

Kofia nyingine ilikuwa iagizwe Dar es Salaam, ije kwa treni mpaka Itigi, halafu ipandishwe kwa lori. Mwezi, labda miwili. Bwana alikuwa na safari wiki ileile. Nikaenda kwa baba nikachukua kipande cha nta safi ya manjano. Nikaikausha kofia mekoni, nikaziba ule ufa kwa nta ya moto, nikairudisha. Gari likanguruma vizuri kabisa.

Bwana alisimama akasikiliza, mikono kiunoni. Akacheka. "Nyuki!" akasema. "Nyuki natengeneza motokaa yangu! Fundi mzuri sana." Akamwita karani wake, mtu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, akamwambia aandike kule Dar es Salaam kwamba kofia haitakiwi tena. Ya nini, nta inafanya kazi?

Mimi nikafurahi. Leo naweza kusema kwamba nilifurahi kupita kiasi. Jioni ile nilisimama kwenye swala ya magharibi huku moyo wangu ukiwa bandani, ukirudiarudia lile neno la bwana. Sikumshukuru Mungu kwa nta wala kwa nyuki. Nilijishukuru mwenyewe.

Kisha mvua ikakatika, na jua la kwetu likaanza kazi yake. Chini ya boneti kukawa kama tanuri. Siku moja nikafungua kofia, nikakuta nta imelainika na kuteleza, ufa umeanza kuonekana. Kwa mtu wa kwetu hilo halikuwa jambo la kuuliza. Kibuyu kikipasuka, au mzinga ukipata mwanya, nta tupu haidumu juani. Unakwangua masizi chini ya chungu, unayaponda, unayachanganya na nta mpaka iwe nyeusi. Hapo inakuwa ngumu, inashika, na jua haliiwezi. Baba alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo. Basi na mimi nikafanya hivyo. Nikachanganya masizi ya kutosha, nikaziba ule ufa vizuri, nikasugua kwa kitambaa. Rangi ya nta ikafanana na rangi ya kofia kiasi kwamba mwenyewe nilikuwa nautafuta ufa kwa kidole. Niliiona kuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Sikumwonyesha mtu, nilitaka itazamwe isijulikane.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba masizi hupitisha umeme, hasa injini inapoelemewa. Fundi wangu Mhindi hakuwahi kuniambia, kwa sababu haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani angepaka masizi mahali pale.

Wiki mbili hazijapita, bwana akapata habari kwamba mkubwa wake anapita na treni, na kwamba treni itasimama Itigi kwa muda mfupi. Alitakiwa ampelekee ramani zake mkononi. Wakaondoka alfajiri, bwana, karani na mjomba, gari limejaa mahema na mabomba ya kupimia. Walipofika kijiji cha Mkiwa wakaongeza petroli kutoka kwenye pipa la ofisi lililokuwa likihifadhiwa pale, ambalo ufunguo wake alikaa nao mjomba. Kutoka Mkiwa wakaingia kwenye mchanga mzito, na katikati ya vichaka vile vya Itigi gari likaanza kukosa. Kwenye tambarare lilikwenda. Kwenye mchanga, likielemewa, lilikosa mpaka likasimama. Mjomba alishuka mara nne. Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akapuliza mpira wa petroli kwa mdomo. Walifika stesheni treni imekwisha ondoka, wakauona moshi wake tu upande wa Tabora.

Mjomba alinieleza kwamba bwana hakupiga kelele. Alisimama juu ya jukwaa na ramani zake kwapani, uso mwekundu, kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye gari, akafungua tangi, akanusa, akamwambia mjomba, "Wewe nauza petroli yangu. Natia mafuta ya taa."

"Hapana, bwana."

"Nani iko na ufunguo ya pipa?"

"Mimi, bwana."

"Basi."

Waliporudi Singida niliwakuta nje ya ofisi. Nilimwamkia mjomba, shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Bwana akaniita mbele ya watu wote. "Fundi, tazama motokaa. Kama iko ubaya ndani ya injini, dereva baki kazini. Kama injini mzuri, dereva mwizi. Mimi naandika barua."

Karani akacheka puani. "Mjomba anauza, mpwa anachunguza," akasema. "Kesi imeisha hiyo."

"Wewe kalamu yako ina mdomo," mjomba akamjibu. "Iweke sikioni, ipumzike."

Watu wakacheka, na mjomba pia akacheka, lakini niliona mkono wake ukipapasa mfuko wa shati pale alipozoea kuweka ule ufunguo. Walikuwa wamekwisha mnyang'anya.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi yote nilikuwa chini ya boneti ile. Kwanza nilichukua petroli ya tangi, nikamimina kidogo juu ya kifuniko cha bati, nikaiacha juani. Ikaruka yote, hapakubaki hata doa la mafuta. Petroli ilikuwa safi. Nikaenda kumwambia bwana, naye akasema bila kuinua kichwa kwamba dereva ameshaibadilisha. Nikarudi. Nikatazama plagi, nikatazama pointi za kukata umeme, nikapima nafasi yake kwa kibati. Nikafungua kabureta yote juu ya gunia na kuirudisha. Mjomba alikaa juu ya debe lililogeuzwa, akinipokeza spana.

"Fundi, umempima mgonjwa mpaka ulimi. Anasemaje?"

"Anasema haumwi, mjomba."

"Mwongo huyo. Kule Itigi alikuwa anakata roho."

Na kweli, bandani injini ilizunguka bila kasoro. Niliifungua pia kofia ya distribyuta. Nataka hili niliseme wazi. Niliifungua nikaishika mkononi, nikapitisha kitambaa, nikaona weusi mzuri usio na ufa, nikairudisha. Nilitilia shaka kila kitu kilichotengenezwa Ulaya. Kile nilichokitengeneza mimi sikukitilia shaka.

Ijumaa asubuhi bwana mwenyewe akaja. Akalichukua gari, tupu, bila mzigo, akazunguka nalo barabara za mji kwa robo saa. Likaenda kama jipya. Aliporudi alizima injini, akanirushia ufunguo. "Injini mzuri," akasema. Akaingia ofisini. Kabla ya saa tano karani alikuwa amekwisha andika barua, na lori la posta likaondoka nayo. Barua ilisema kwamba dereva fulani amefukuzwa kwa wizi wa petroli, na ofisi nyingine zisimwajiri. Karani ndiye aliyetusomea, pole pole, akifurahia.

Tuliswali Ijumaa bega kwa bega, mjomba na mimi. Baada ya swala nikamwambia, "Mjomba, twende tukalijaribu tena."

"Barua imeondoka, Fundi."

"Kulijaribu gari ni haki yangu. Tulipakie mawe, lielemewe kama kule Itigi."

Akanitazama kama anayetazama mtoto anayetaka kuchezea kitu kilichovunjika, lakini akaja. Tulipakia mawe mpaka springi zikalala. Tukaenda kwenye mlima nje ya mji, ule wenye mawe makubwa yaliyokaa moja juu ya jingine. Mjomba aliendesha. Hatujafika nusu, likaanza. Tuk, tuk, kimya, tuk, kimya. Na petroli iliyokuwamo ilitoka kwenye pipa jingine kabisa, aliitia bwana mwenyewe.

Mjomba akapiga usukani kwa kiganja. "Sikia! Sikia! Sikusema mimi?" Alikuwa anafurahi. Sijapata kuona mtu anafurahia gari bovu kiasi kile. "Alhamdulillahi, linakufa! Shuka, Fundi, shuka umshike kabla hajapona!"

Nikashuka na kitambaa changu na kopo la maji. Tone kwenye bomba la kwanza likachemka. Kwenye la pili likachemka. Kwenye la tatu na la nne yakateremka taratibu.

Ya tatu na ya nne. Nilijua saa ile. Nilijua kabla sijataka kujua, lakini mtu hutafuta namna ya kuahirisha. Nikamwambia mjomba akanyage breki kwa nguvu, atie gia, aiache klachi kidogo ili injini ielemewe papo hapo gari liliposimama. Nikachukua blanketi lililokuwa nyuma, nikajifunika kichwa pamoja na injini, maana cheche haionekani mchana. Humo ndani joto lilikuwa la kuchoma uso, na moshi, na giza. Nikauona umeme. Kamstari ka buluu kalikuwa kanatoka kwenye shina la waya ya tatu, kanatembea juu ya kofia, kanakwenda kwenye la nne, kanarudi. Kalikuwa kanapita juu ya nta yangu. Kila palipokuwa na masizi kalipita bila shida, kama mtu anayepita kwenye njia aliyofyekewa.

"Fundi!" mjomba akaita. "Umelala humo?"

Nikasogeza uso karibu zaidi na kofia.

"Fundi, mguu wangu umechoka! Unaona nini?"

Nikatoka kwenye blanketi, nikamwambia azime. Nikamwambia yote pale kando ya barabara, ufa, nta ya kwanza, nta ya pili, masizi ya chungu cha mama yangu, ambaye ni dada yake. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya mlango. Ile furaha yake iliondoka usoni taratibu. Alipozungumza, aliacha Kiswahili akasema kwa Kinyiramba, na kwa sauti ndogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi pasiwe na mwingine."

Nikamwambia nitakwenda kwa bwana asubuhi. Akakataa. Alisema bwana atanifukuza na mimi, na mama yangu atakula nini. Nikasema nitakwenda hata hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumpinga mjomba, na hakunigombeza. Alirudi kwenye usukani. Tulishuka ule mlima tukiwa na mawe yetu.

Jumamosi nilisimama mbele ya meza ya bwana nikiwa na ile kofia mkononi. Nilimweleza. Nilikwangua nta mbele yake kwa kisu, nikamwonyesha ufa na yale masizi kwenye kidole changu. Nilimwambia dereva hana kosa, kosa ni langu, anifukuze mimi. Alisikiliza yote. Akaichukua kofia, akaitazama dirishani. Nilimwona ameelewa. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa hesabu na vipimo.

"Sasa motokaa itakwenda?" akauliza.

"Nikiziba kwa nta safi, bwana, na kofia mpya ikiagizwa."

"Mzuri. Karani, andika, taka kofia mpya."

Nikangoja. Karani akaandika. Nikasema, "Na barua ya dereva, bwana?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimeuliza habari ya jua. "Barua nakwisha kwenda."

"Bwana anaweza kuandika nyingine."

"Wewe iko mtoto ya dada yake," akasema. "Wewe nasaidia yeye. Iko mzuri kusaidia mjomba. Lakini kama hapana petroli hii, iko petroli nyingine. Dereva yote naiba." Kisha akanirudishia kofia. "Wewe fundi mzuri. Nenda kazini."

Nimekaa na maneno yale miaka mingi. Nimejifunza subira, na kwa rehema ya Mungu nimesamehe mengi. Lakini sijaweza kulisahau lile "mzuri" lake. Aliujua ukweli, akauweka mezani pamoja na karatasi nyingine, kwa sababu kuandika barua ya pili kungemfanya aonekane alikosea mbele ya yule mkubwa ambaye treni ilipita naye.

Mjomba alirudi Iramba na mkewe na watoto. Alijaribu kutafuta kazi kwa wenye malori, na kila mahali ile barua ilikuwa imetangulia. Akashika jembe akiwa mtu mzima mwenye viganja vilivyozoea usukani. Nilimwambia nami naacha kazi. Hapo ndipo aliponikaripia. "Ukiacha," akasema, "nitakuwa nimefukuzwa mara mbili." Nikabaki. Nikapanda cheo. Kofia mpya ikaja, nikaifunga kwa mikono yangu, na gari likaendeshwa na mtu mwingine.

Nilipokwenda kumsalimu baada ya mavuno, nilisikia kijijini wanamwitaje. Walimwita Petroli. Vijana walimsalimu hivyo wakipita, "Shikamoo, mzee Petroli," na yeye aliitikia marahaba. Niliwaka. Nilimwambia usiku uleule haupiti kabla sijawaambia watu wote kisa cha nta. Akanishika mkono akanikalisha.

"Wakijua ni wewe, watasema nini?"

"Watasema nilikosea."

"Hawatasema umekosea. Watasema mpwa amemla mjomba wake. Utalibeba hilo wewe, na mama yako, na watoto wako. Mwizi wa petroli ya Mzungu si kitu, nusu yao wanamsifu. Niache na jina langu."

Ni kweli kwamba kwetu, siku zile, mpwa aliyemwangusha mjomba wake alitazamwa kwa jicho la mchawi, na watu walianza kuhesabu nani mwingine amekufa au ameugua katika ukoo. Alikuwa ananikinga. Nami nikakubali kukingwa. Nilijiambia kwamba ni utii, kwamba mjomba ndiye mwenye neno. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba utii wa namna ile una hesabu yake mbele ya Mungu, lakini ulikuwa mtamu, na nilikuwa na cheo, na nilikuwa ninaoa.

Alifariki kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, kwa homa ya siku chache. Nilifika tukazika. Shehe alipowauliza watu, kama ilivyo desturi, wanamshuhudiaje marehemu, watu wakajibu kwamba alikuwa mtu mwema. Lakini nyuma yangu mtu mmoja akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwema, isipokuwa kwenye petroli," na wawili wakacheka kimyakimya, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. Nikageuka. Nikasema mbele ya kaburi, kwa sauti ya kusikika, habari yote, mpaka masizi. Sijui nilitazamia nini. Walisikiliza kwa heshima. Kisha mzee mmoja aliyekuwa na jembe mkononi akaniuliza, wala hakuuliza kwa ukali, "Na miaka yote hii ulikuwa unangoja nini?"

Nikasema marehemu ndiye aliyenikataza.

"Haya," akasema, akaendelea kufukia.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilikwenda kumpa pole mke wa mjomba. Alikuwa ndani, ameanza eda, nikakaa nje ya mlango wenye pazia. Nikatoa pole, nikasema maneno tunayosema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Akaitikia.

"Mimi hakuniambia," akasema kutoka nyuma ya pazia.

Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote nilidhani angalau ndani ya nyumba ile ukweli unajulikana.

"Nilimuuliza mara moja, tulipohama. Akasema niache. Nikaacha. Kisimani waliniita mke wa Petroli, nikachota maji. Nilijua nimeolewa na mwizi, nikamvumilia. Nilijiona nina subira." Akapumua. "Na wewe kila Idi unakuja hapa, unakula ugali wangu, unaniita mama."

"Nisamehe, mama."

"Yeye ndiye ambaye mimi ningemwomba msamaha," akasema. "Sasa nimwombee wapi?"

Alimwita mwanamke mmoja aliyekuwa mekoni, akamwambia aniletee chakula, kwa kuwa nimetoka mbali. Kikaletwa. Nikanawa, nikataja jina la Mungu, nikala chote peke yangu pale mlangoni, naye akiwa upande wa pili wa pazia.